Injeksheni ya zamani na asubuhi ya baridi: dalili, sababu na spea za kutafuta

Mercedes 230E na 280E za bodi ya W123, 190E, W124 za mwanzo za petroli, Golf GTI ya kwanza, baadhi ya Volvo 240, Audi na Saab za miaka hiyo: chini ya boneti zao utakuta mfumo wa Bosch uitwao K-Jetronic, uliotoka mwaka 1973, au mdogo wake KE-Jetronic wa miaka ya 80, ulioongezewa kompyuta ndogo. Malalamiko ya wenye magari haya Kampala, Jinja na Mbarara yanafanana mno. Asubuhi stata inalia hadi betri inachoka. Au gari linawaka, linatetemeka, linazima. Au linatoa moshi mweusi kama lori la mchanga. Kisha fundi anasema ni injekta ya baridi, ile inayoongeza petroli wakati wa kuwasha injini iliyopoa, mwenye gari anaanza kuitafuta kwenye masoko ya spea ya Kampala, Kisekka na Ndeeba, hadi Nairobi, na akiipata na kuifunga, shida inabaki palepale.

Kabla ya kutafuta spea yoyote, angalia kwanza hali yetu ya hewa. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ya baridi kwetu ni nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi. Injekta ya baridi ilibuniwa kwa asubuhi za theluji. Kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, swichi yake huiruhusu kunyunyiza kwa sekunde 7 au 8. Kwenye nyuzi 18 huiruhusu sekunde moja au mbili, na maji ya injini yakizidi nyuzi 35 hivi haiiruhusu kabisa. Gari lenye presha nzuri ya petroli na moto mzuri wa plagi linawaka Kampala hata injekta hii ikiwa imekufa, ila utapiga stata kidogo zaidi. Huku kwetu injekta ya baridi inasumbua zaidi kwa kuvuja kuliko kwa kushindwa kunyunyiza. Kabale na milima ya Kigezi ni habari nyingine, na sehemu yake iko mbele.

Peugeot 504 TI haimo humu. Ile inatumia pampu ya Kugelfischer, yenye vipimo vyake.

Nani anafanya nini

Hewa inayovutwa na injini husogeza sahani ya kipima hewa, na sahani husukuma pistoni ndogo ya kigawanyaji, kifaa kinachogawa petroli kwa kila silinda. Injekta ya baridi imefungwa kwa skrubu mbili kwenye manifoldi ya hewa, mbali kidogo na injekta za silinda. Kwenye injini ya silinda nne mafundi huiita injekta ya tano. Hupata umeme pale tu stata inapopigwa, na athi yake hupitia swichi ya joto na muda, iliyozamishwa kwenye maji ya injini. Rigaleta ya joto hupunguza presha inayokandamiza pistoni ndogo ya kigawanyaji cha petroli injini ikiwa baridi, ili petroli iongezeke, kisha koili yake ya kupasha moto huirudisha presha juu taratibu kwa dakika chache. Valvu ya hewa ya ziada huingiza hewa kando ya throto mpaka injini ipate joto. Akumuleta, pamoja na valvu ya njia moja iliyo kichwani mwa pampu, hushikilia presha gari likizimwa. KE haina rigaleta ya joto. Kazi hiyo hufanywa na kipande cha umeme kilichofungwa ubavuni mwa kigawanyaji, kikiongozwa na kompyuta na sensa ya joto la maji.

Usalama, kabla ya spana

Petroli humu iko kwenye karibu baa 5 au zaidi, zaidi ya mara mbili ya upepo wa tairi la gari dogo. Nati ikilegezwa ghafla, petroli inaruka hadi usoni na juu ya bomba la moshi lenye joto. Acha injini ipoe, zungushia kitambaa kinene nati ya paipu inayoingia kwenye injekta ya baridi, ilegeze polepole hadi sauti ya kuvuma iishe. Fanyia kazi nje, si ndani ya chumba chenye jiko la mkaa au mtu anayechomelea jirani. Kizima-moto cha unga kiwe mkononi, si kwenye buti.

Onyo lingine linalosahaulika sana: usisogeze sahani ya hewa kwa mkono pampu ikiwa inafanya kazi. Kila unapoisogeza, injekta zote zinamimina petroli kwenye silinda. Sekunde kumi za mchezo huo zinatosha kuosha oili kwenye kuta za silinda, na petroli ikijaa juu ya pistoni, stata inayofuata inaweza kupinda koneksheni rodi.

Utahitaji multimita, taa ya kupimia ya volti 12, chupa safi ya kioo yenye mdomo mpana, na gaji ya presha ya baa 0 hadi 10 yenye bomba lake na valvu ya kufunga. Fundi asiye na gaji hawezi kutibu K-Jetronic. Atabahatisha, na kubahatisha kwenye mfumo huu ni ghali.

Dalili: stata ndefu asubuhi, kisha linawaka na kutembea vizuri

Hii ndiyo inayoripotiwa zaidi, na mara nyingi baridi haihusiki. Petroli imerudi kwenye tangi usiku, na asubuhi pampu inaanza kujaza paipu upya.

Jaribio la kwanza halihitaji gaji. Chomoa rilei ya pampu, unganisha njia zake mbili za umeme mkubwa kwa waya wenye fyuzi ya ampea 15, na uache pampu ivume sekunde kumi. Kwenye rilei nyingi ni 30 na 87. Kwenye Mercedes nyingi za K na KE ni 7 na 8. Hakikisha kwenye mchoro wa gari lako, maana ukikosea njia unachoma waya. Rudisha rilei, piga stata. Gari likishika papo hapo, umeshajua kwamba presha inakimbia usiku, na huenda injekta ya baridi uliyokuwa ukienda kununua haina hatia.

Sababu zake, kuanzia ya kawaida zaidi:

1. Valvu ya njia moja ya pampu. Uchafu kidogo ukikaa kwenye kiti chake, haifungi. Kwenye pampu nyingi za Bosch kipande hiki hufunguka peke yake kwa spana na huuzwa peke yake. Usikubali kuuziwa pampu nzima kwa ajili yake.
2. Akumuleta. Chomoa kipaipu chembamba kilicho nyuma yake. Kikitoa petroli, diaframu imepasuka. Haitengenezeki, inabadilishwa.
3. Injekta ya baridi au injekta za silinda zinazodondosha. Jaribio la injekta ya baridi liko kwenye dalili ya moshi mweusi.
4. Oringi ya rigaleta ya presha ya mfumo, kwenye kigawanyaji. Ni ya shilingi chache, ila hupatikana kwa ukubwa wake kamili tu. Oringi ya maji haifai, petroli itaivimbisha.

Ukiwa na gaji unaweza kumkamata mwizi kwa jina. Presha ya mfumo kwenye magari mengi ya K ni kati ya baa 4.7 na 5.8, na kila modeli ina namba yake finyu ndani ya hapo. Zima injini, subiri dakika 10. Modeli za zamani zinataka angalau baa 1.8 zibaki, za baadaye 2.5 hivi. Ikishuka, rudia, na safari hii mara tu ukizima bana kwa koleo laini paipu ya mpira inayotoka tangini kwenda pampu. Presha ikikaa, ni valvu ya njia moja. Isipokaa, bana paipu ya marejeo, ile inayorudisha petroli tangini. Ikikaa sasa, ni rigaleta ya presha.

Usisahau betri. Pima volti wakati wa kupiga stata: zikishuka chini ya 9.6, injini inazunguka kivivu, plagi hazipati moto wa kutosha, na kila kitu kitaonekana kama shida ya petroli.

Dalili: stata inazunguka, hakuna hata dalili ya kuwaka

Msikilizishe mtu pampu upande wa nyuma huku unapiga stata. Kwenye K, kufungua swichi pekee hakutoshi kuiendesha pampu. Lazima injini izunguke, kwa ajili ya usalama wakati wa ajali. Kwa hiyo ukimya wa pampu wakati wa kufungua swichi si ushahidi wa chochote.

Pampu ikinyamaza hata stata ikilia, anza na fyuzi. Zile za kauri za Mercedes huota kutu nyeupe kwenye ncha hata zikiwa nzima. Zungusha kila moja mahali pake. Kisha rilei. Ifungue kifuniko uangalie bodi yake ya saketi kwenye jua: viungo vya lehemu vya miguu mikubwa huwa na mduara mwembamba mweusi unaozunguka pini, kama ukucha uliopasuka. Huo ndio ufa. Kulehemu upya huchukua dakika kumi, na ni marekebisho yanayodumu.

Pampu ikivuma lakini petroli haifiki, pima wingi. Chomoa paipu ya marejeo kwenye kigawanyaji, ielekeze kwenye chombo cha chuma, endesha pampu kwa waya wa fyuzi. Mercedes nyingi zinataka lita 1 ndani ya sekunde 40. Ikipungua: chujio kuu limeziba, au wavu ulio ndani ya tangi umejaa kutu, au pampu imechoka.

Gari lililokaa miezi mingi lina shida ya pekee. Petroli iliyokauka inaacha gundi ya kahawia, na pistoni ya kigawanyaji inagoma. Endesha pampu sekunde chache kujenga presha, izime, kisha sogeza sahani ya hewa, juu kwa sumaku au chini kwa kidole, kulingana na gari. Lazima uhisi uzito ulio sawa mwendo mzima, na ukiiachia polepole pistoni iifuate. Ikikwama, simama hapo. Usiigonge, usiivute kwa koleo. Ile pistoni imetengenezwa kwa usahihi wa elfu za milimita, na mkwaruzo mmoja unaua kigawanyaji kizima.

Dalili: linawaka sekunde mbili, linazima

Injini baridi inataka hewa zaidi na petroli zaidi kwa pamoja. Moja ikikosekana, inazima.

Hewa ya wizi ndiyo sababu ya kwanza. K-Jetronic hupima hewa kwa sahani, na hewa yoyote inayoingia baada ya sahani haihesabiwi, basi mchanganyiko unakuwa mwepesi. Lile bomba la mpira lenye mikunjo, lililo kati ya kipima hewa na throto, hupasuka upande wa chini, usioonekana ukiwa umesimama. Pitisha kidole kwenye kila mkunjo wake, au tumia kioo kidogo na tochi. Angalia na oringi za injekta za silinda: zikiwa ngumu kama plastiki, zinapitisha hewa. Jaribio la haraka ni kufungua kifuniko cha oili gari likiunguruma. Injini isiyovuja hewa itayumba au kuzima. Isipobadilika, kuna tundu kubwa tayari mahali pengine.

Pili ni valvu ya hewa ya ziada. Chomoa mipira yake injini ikiwa baridi, tazama ndani kwa tochi: utaona kitundu kimefunguka kama mwezi mchanga. Ipe volti 12 na baada ya dakika 5 hadi 10 mwezi ule unafungwa wote. Kama umefungwa tangu mwanzo, ni uchafu wa oili. Ioshe kwa dawa ya kabureta, iache ikauke, rudia. Nyingi hupona hivyo.

Tatu ni presha ya rigaleta ya joto kuwa juu mno injini ikiwa baridi. Kwenye nyuzi 20 magari mengi hutaka baa 1.5 hadi 2 hivi, na injini ikishapata moto 3.4 hadi 3.8. Ukiona baa 3 asubuhi, usikimbilie kununua. Ndani ya mlango wa kuingilia wa rigaleta kuna kichujio cha wavu kidogo kuliko punje ya mhindi. Kikiziba au paipu ya marejeo ikibanwa, vipimo vyote vinaharibika. Kitoe kwa kibanio, kipulize.

Kisha kuna petroli yenyewe. Mafuta ya taa yaliyochanganywa hayageuki mvuke vizuri asubuhi. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: petroli safi hukauka bila kuacha kitu, iliyochanganywa huacha duara la mafuta. Kwa tangi lililojazwa namna hiyo hakuna spea itakayosaidia.

Dalili: moshi mweusi, harufu ya petroli, ulaji wa kutisha

Hapa ndipo injekta ya baridi hupata kesi ya haki. Lakini anza na kuangalia kama kuna mtu aliyepita kabla yako. Magari mengi yamefungiwa kitufe kwenye dashibodi, kikipeleka umeme moja kwa moja kwenye injekta ya baridi ili liwake haraka. Kitufe kikishikamana, au waya wake ukigusana na chanya, injekta inamwaga petroli safari nzima. Ondoa kitufe. Kilifungwa kuficha presha iliyopotea, na presha bado imepotea.

Jaribio la kuvuja:

Shusha presha. Chomoa plagi ya umeme ya injekta ya baridi. Fungua skrubu zake mbili, itoe ikiwa bado kwenye paipu yake, iingize mdomo kwenye chupa ya kioo. Ziba tundu la manifoldi. Futa ncha yake iwe kavu kabisa, kisha endesha pampu kwa waya wa fyuzi kwa dakika moja, ukitazama ncha bila kupepesa. Ikibaki kavu, ni nzima. Ikijikusanya unyevu unaong'aa, ukavimba kuwa tone na tone likaanguka, imeshindwa. Tone moja kwa dakika ni dogo machoni, ila usiku mzima linageuka petroli ndani ya manifoldi, na mchana linaendelea kudondoka bila kupumzika.

Iliyovuja kidogo inaweza kuoshwa: ipe volti 12 kwa mapigo mafupi ya sekunde moja, mara kumi, huku dawa ya kusafisha injekta ikipita kwa presha. Usiishikilie kwenye umeme kwa muda mrefu. Koili yake ya takriban omu 4 ilijengwa kwa kazi ya sekunde, na itaungua. Kama baada ya hapo bado inadondosha, badilisha. Na kama mpya haipatikani wiki hii, Kampala unaweza kuiziba kwa muda: boliti fupi isiyo na tundu ndani, yenye uzi unaolingana na mdomo wa paipu kwenye kigawanyaji, na washa mpya ya shaba. Usikunje paipu na kuibana kwa waya. Baa 5 zitaifungua njiani.

Injekta ikiwa kavu, nenda kwenye rigaleta ya joto. Isipopata umeme haipashi moto, presha inabaki chini, injini inakunywa petroli kama ya asubuhi siku nzima. Pima kwenye plagi yake gari likiunguruma: lazima kuwe na karibu volti 12. Kisha pima koili yake, kwa kawaida omu 20 hivi. Multimita isiposoma chochote, koili imekatika.

Kwenye KE angalia sensa ya joto la maji kwanza. Nyuzi 20 husoma kama omu 2,500, nyuzi 80 kama 320. Waya wake ukikatika, kompyuta inadhani uko kwenye barafu na kumimina petroli bila huruma. Hii ni sensa ya bei ndogo inayofukuzisha vipande vya bei kubwa.

Vuta kijiti cha oili unuse. Kikinuka petroli au kiwango kimepanda, usiendeshe. Badilisha oili na chujio baada ya kuponya uvujaji, maana oili iliyoyeyushwa inakula beringi.

Skrubu ya kurekebisha mchanganyiko, ile ya ufunguo wa Allen wa milimita 3, iguswe mwisho, na mashine ya kupima moshi ikiwa imefungwa. Ni kweli mwinuko wetu unafanya mchanganyiko kuwa mzito kidogo kuliko Mombasa, lakini ni kidogo. Robo ya mzunguko ni nyingi mno. Na usikanyage mafuta ufunguo ukiwa ndani ya tundu: utapinda mkono wa kipima hewa.

Dalili: asubuhi linawaka, likiwa moto linakataa

Umetoka jamu ya Jinja Road, umezima dakika 20 uingie dukani, ukirudi stata inalia bure. Petroli iliyo karibu na injini imechemka kuwa mvuke kwa sababu presha haikubaki. Sababu ni zilezile za stata ndefu ya asubuhi, ila hapa akumuleta iweke ya kwanza. Ya pili ni injekta ya baridi inayodondosha: itafurika manifoldi, na utajua kwa harufu, na kwa gari kushika ukikanyaga pedali hadi chini bila kuipigapiga. Ikitokea njiani, piga stata si zaidi ya sekunde 10, pumzisha dakika moja, mara tatu. Baada ya hapo fungua boneti na usubiri. Stata iliyoungua itakuongezea shida ya pili.

Kabale, Kisoro na kwingine kwenye baridi ya kweli

Kabale iko karibu mita 2,000 juu, na usiku hufika nyuzi 10. Huko injekta ya baridi inahitajika kikweli, na kukosa kunyunyiza kunaonekana.

Injini ikiwa imelala usiku kucha, funga taa ya kupimia kwenye plagi ya injekta na mtu apige stata. Taa iwake sekunde chache kisha izime yenyewe. Isipowaka, weka mguu mmoja wa taa kwenye athi safi ya bodi. Ikiwaka sasa, umeme unafika, ila swichi ya joto na muda haitoi athi. Ikikataa bado, waya kutoka stata umekatika.

Swichi yenyewe inapimika mezani, hata Kampala. Ina pini mbili, G na W. Itumbukize ncha ya shaba kwenye kikombe cha maji ya barafu kwa dakika tano: kati ya W na bodi multimita isome sifuri au karibu. Ihamishie kwenye maji ya moto: njia hiyo ifunguke, usomaji upande hadi omu 100 au zaidi. Kwa swichi ya nyuzi 35, kati ya G na bodi utapata omu 25 hadi 40 ikiwa baridi, 50 hadi 80 ikiwa moto.

Soma na maandishi yaliyogongwa kwenye mwili wake wa pembe sita. Yanataja nyuzi na sekunde. Swichi ya nyuzi 15 na ya nyuzi 35 zinafanana na zinaingia tundu moja, lakini ile ya 15 haitaunganisha umeme hata asubuhi moja Kampala. Watu hubadilisha injekta mara mbili kwa sababu ya namba hiyo.

Wakati wa kuacha na kumwita fundi wa injeksheni

Petroli ikinuka ndani ya gari au paipu ikilowa, usiwashe tena. Kwenye K, presha ya mfumo ikizidi baa 6, zima. Injini ikigoma kuzunguka baada ya kufurika, toa plagi zote kabla ya kugusa stata. Na kigawanyaji kisifunguliwe nusu zake mbili gereji ya mtaani: ndani kuna diaframu nyembamba ya chuma, na vipimo vyake baada ya hapo vinahitaji benchi ya kupimia kila silinda. Bosch kupitia kitengo chake cha magari ya zamani hukarabati vigawanyaji, na karakana za Ulaya pia zipo. Ukiambiwa suluhisho ni kung'oa yote na kufunga kabureta, angalau chukua kigawanyaji chako nyumbani, kizibwe matundu yote. Kipande hicho hakipatikani tena kwa urahisi.

Kutafuta spea

Namba kwanza, jina baadaye. Kila kipande cha Bosch kina tarakimu kumi zilizogongwa kwenye chuma. Injekta ya baridi huanza na 0 280 170, swichi ya joto na muda 0 280 130, valvu ya hewa ya ziada 0 280 140, rigaleta ya joto 0 438 140, akumuleta 0 438 170, kigawanyaji 0 438 100 kwa K na 0 438 101 kwa KE. Tarakimu tatu za mwisho ndizo zinazochagua gari. Rigaleta mbili zinazofanana sura, zikiwa na tarakimu hizo tofauti, zina presha tofauti, na nyingine zina kapsuli ya mwinuko ambayo nyingine hazina. Piga picha namba yako kabla ya kutoka nyumbani.

Kisekka na Ndeeba utapata zaidi vipande vilivyotumika. Nenda na multimita na uipime mbele ya muuzaji. Injekta ya baridi: takriban omu 4, na ukipuliza kwa mdomo isipitishe. Swichi ya nyuzi 35: mchana wa nyuzi 27 lazima W na bodi ziwe zimeungana. Rigaleta: pima koili, kisha itazame kwa makini ile plagi ya chuma iliyosukumwa kwenye mwili wake. Ukiona alama za nyundo, au imelehemewa boliti, mtu ameshacheza na presha yake. Iache mezani. Akumuleta iliyotumika usinunue kabisa, mpira wake una umri uleule wa gari. Usikubali pia injekta ya baridi ya mfumo wa presha ndogo, wa baa 2.5 au 3, hata ikiingia: kwenye baa 5 itavuja.

Gari la kung'olewa spea haliwezi kuagizwa. Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda inazuia kuingiza gari lililozidi miaka 15 tangu kutengenezwa, basi magari ya spea ni yale yaliyomo nchini tayari, na kila mwaka yanapungua. Nairobi, mitaa ya Kirinyaga Road, bado ina vipande vingi vya W123 na W124, na mabasi ya kupitia Busia na Malaba hubeba vifurushi. Ukiagiza Ulaya, kusanya mahitaji yote kwenye kifurushi kimoja, na umwombe muuzaji aandike namba ya Bosch na kazi ya kila kipande kwenye ankara. Juu ya ushuru weka VAT ya 18% kwenye hesabu yako kabla ya kulipa.

Kwenye kifurushi hichohicho ongeza vitu vidogo vinavyokosekana siku ya kufunga: washa za shaba za boliti za banjo (zile zenye tundu, zinazofunga paipu), ambazo hazirudiwi, oringi za Viton, mpira unaostahimili petroli, za injekta na za rigaleta ya presha, kichujio cha wavu, na mita moja au mbili za paipu ya mpira yenye alama R9, ya petroli ya injeksheni. Paipu ya R6 ni ya kabureta, itapasuka.

Kipande kipya kikishafungwa, cha zamani kirudi nyumbani kwako, kikiwa na kikaratasi cha tarehe na kasoro yake, midomo imezibwa. Rigaleta yenye koili iliyokatika bado ina mwili mzima na namba sahihi, na hicho ndicho karakana ya ukarabati itakachokuomba utume.